Miezi Kumi na Minne na Guta la Vijana wa Kanisa: Tathmini ya Huduma ya Kuzoa Taka Mtaani Kwetu Dodoma

Tangu Novemba 2023 nyumba yangu, iliyo upande wa barabara ya Singida hapa jijini Dodoma, inahudumiwa na kikundi cha vijana wa usharika mmoja wa jirani wanaozoa taka za majumbani kwa guta. Ninalipa shilingi 4,000 kwa mwezi. Nimesubiri miezi 14 kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu huduma ya taka haijulikani ubora wake wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu na vijana wakiwa bado na ari. Hujulikana mvua zinapoanza, guta linapokwama na watu wanapochoka. Jina la usharika sitalitaja, kwa kuwa wenyewe waliniomba hivyo nilipowaeleza nia yangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, ninaabudu katika kanisa jingine, na hakuna ndugu yangu aliyemo katika kikundi hicho.

Utaratibu wao ni rahisi kuufuata. Kila nyumba inayojiunga hupewa viroba viwili vilivyoandikwa namba ya nyumba kwa rangi ya bluu: kimoja cha vitu vinavyooza, kama maganda, mabaki ya mboga na majani yaliyofagiliwa uani, na kingine cha plastiki, makopo, chupa na vifungashio. Jumanne na Ijumaa, kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, vijana watatu hupita wakigonga kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye guta, huchukua viroba vilivyojaa na kuacha vitupu. Risiti huandikwa kwa mkono na nakala hubaki kitabuni. Kikundi hakijajitwalia kazi ya halmashauri: kinafanya kazi kwa makubaliano na serikali ya mtaa, na kazi yake inaishia kwenye kizimba, ambako gari la taka huzichukua na kuzipeleka katika dampo la Chidaya. Naeleza jambo hili mapema kwa sababu nimesikia watu wakiuliza kwa nini kanisa lifanye kazi ya Serikali. Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na sitaki mtu yeyote alisahau. Lakini gari la taka haliwezi kuingia katika vichochoro vyetu vyote, na kati ya mlango wangu na kizimba kuna karibu nusu kilomita ambayo mtu fulani lazima aitembee akiwa amebeba uchafu.

Kabla ya huduma hii nilikuwa na njia mbili, na zote mbili zilinitia aibu. Ya kwanza ilikuwa kuchoma taka nyuma ya nyumba wakati wa magharibi, kama wanavyofanya majirani wengi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa, vifungashio na pampasi zimebaki, na moshi wake ni ule ule mzito unaokaa chini na kuingia madirishani kwa watoto waliolala. Nimewabeba watoto wengi wenye kubanwa kifua katika miaka yangu ya wodini, nami nikiwa na kiberiti mkononi nilijua ninachokifanya. Njia ya pili ilikuwa kumpa kijana wa toroli shilingi 500 kwa kiroba. Yule alikuwa mwepesi, hakuwa na risiti wala siku maalumu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza anakwenda kuzimwaga wapi. Tulipenda kutojua. Nikilinganisha bei, huduma ya vijana wa kanisa si ya chini zaidi. Kwa nyumba yenye taka kidogo inaweza hata kuwa ghali kuliko toroli. Tofauti yake ni kwamba nikiuliza kiroba changu kimekwenda wapi, ninajibiwa.

Nilipomwuliza kiongozi wao wazo hili lilitoka wapi, alinijibu kwamba lilitoka katika somo la Biblia la umoja wa vijana, sura ya tatu ya Nehemia, sura ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu imejaa majina. Ni orodha ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, kila jamaa sehemu yake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Wamo makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, na mtu mmoja aitwaye Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Na katika mstari wa 14 yumo Malkiya mwana wa Rekabu, mkuu wa eneo la Beth-hakeremu, aliyepewa lango la jaa, yaani lango lililoelekea mahali pa kutupia taka za mji. Akalijenga, akaisimamisha milango yake, vitasa vyake na makomeo yake, sawasawa na waliopewa malango ya heshima. Kijana yule aliniambia kwamba walipofika hapo mmoja wao aliuliza jaa la mtaa wetu liko wapi, na hakuna aliyeweza kujibu isipokuwa kwa kuonyesha korongo kwa kidole. Mimi nilikwenda nyumbani nikaisoma sura hiyo tena usiku. Jina Beth-hakeremu maana yake ni nyumba ya shamba la mizabibu. Sikuweza kulipita jina hilo haraka, nikiwa ninaishi katika mji ambao zabibu zake zinauzwa kando ya kila barabara kuu: mkuu wa nchi ya zabibu ndiye aliyechukua lango la taka. Sura hiyo hiyo inawataja pia wakuu wa Watekoa ambao hawakutia shingo zao katika kazi, na nilipowatafakari hao niliona vizuri mahali pangu kwa miaka yote ile ya kiberiti na toroli.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu Dodoma yenyewe, maana ndilo linaloifanya huduma hii iwe na uzito kwangu kuliko bei yake. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40, hadi mwaka 2017 ilipovunjwa, kulikuwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoiita CDA, hata tukazoea kuona kwamba mji una mwenyewe na mwenyewe si sisi. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi baada ya tamko la Julai 2016, na Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, watu waliongezeka kuliko tulivyowahi kuona. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika manispaa; ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengi wa walioongezeka ni watu wema, wachamungu, wanaotoa sadaka. Lakini wanaishi hapa kama mtu aliyepanda basi. Nyumba zao ziko Dodoma, na mioyo yao iko Moshi, Bukoba, Mbeya au Dar es Salaam. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kufika hapa mwaka 2024, Ijumaa jioni mtaa wetu unapungua sauti kabisa, na Jumatatu watu hurudi kazini wakiuliza kwa nini mji una vumbi na uchafu. Siwahukumu. Mimi mwenyewe nilizaliwa Iringa, nikaja hapa kwa ajira, na kwa miaka mingi nilipoulizwa kwetu ni wapi nilijibu Iringa, wakati watoto wangu wote wamezaliwa na kusoma hapa na wenyeji wetu Wagogo walishanipokea siku nyingi.

Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia barua watu waliokuwa na sababu kubwa kuliko zetu ya kutoupenda mji waliokuwamo, kwa kuwa walipelekwa Babeli kwa nguvu. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wautakie mji ule amani na kuuombea, kwa kuwa amani yao ilikuwa ndani ya amani ya mji. Makanisani kwetu tunaombea jiji kila Jumapili, tena kwa bidii, na viongozi wake wote. Kuombea tunakufahamu. Sehemu ya bustani ndiyo tuliyoiacha, na hawa vijana wa guta ndio wa kwanza niliowaona mtaani kwetu wakianzia hapo.

Jumanne ya kawaida inakuwa hivi. Kengele husikika kabla guta halijaonekana, na watoto wanaokwenda shule hulipisha njia. Kijana aliye mbele husukuma, wawili hupita mlango kwa mlango. Huamkia kwa heshima, hawaingii ndani ya geti bila kukaribishwa, na hawanyanyui kiroba kabla ya kukigusa kwa fimbo fupi kuona kama kina chupa iliyovunjika. Mara ya kwanza nilipoweka vipande vya glasi bila kuvifunga, kijana mmoja alinirudia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, kuna nini?”

“Samahani mama, hivi vya kukata tunaomba uvifunge kwenye gazeti halafu uweke kwenye kopo, uandike. Mwenzetu alikatwa Ijumaa.”

Aliniambia hayo akiwa amesimama pembeni ya geti, kofia mkononi, bila ukali wowote, nami niliyewafundisha wauguzi wengine kutupa sindano kwa usalama nikaona haya. Tangu siku hiyo ninaweka kopo la maziwa la vitu vya kukata, na wao huliweka peke yake kwenye ndoo ndogo iliyofungwa mbele ya guta.

Sasa nije kwenye kosa, maana tathmini isiyolitaja ingekuwa ya uongo. Ijumaa moja ya Februari 2024, mvua ikiwa imefunga upande wa kaskazini na ngurumo zinasikika, guta lilipinda rimu likiwa limejaa viroba vya nyumba zaidi ya 20. Kiongozi hakuwapo. Vijana wawili pamoja na kibarua waliyemchukua siku hiyo walitazama mawingu, wakatazama umbali uliobaki hadi kizimbani, wakavimwaga vyote kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba zetu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilisikia kelele upande wa chini, nikashuka na watu wengine, tukakuta maji yamejaa nyuma ya kalavati na kupanda hadi uani kwa mama mmoja anayekaanga maandazi ya kuuza asubuhi. Maji yalikuwa yamefika kwenye chumba anachohifadhia vitu vyake, na mfuko wake wa unga wa ngano wa kilo 25, aliokuwa amenunua siku moja kabla, ulikuwa umelowa hadi katikati. Vijana wa mtaa walipoanza kuvuta uchafu uliokuwa umeziba mdomo wa kalavati, cha tatu kutoka kilikuwa kiroba chenye namba ya nyumba yangu kwa rangi ya bluu.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu dakika ile. Nilikuwa nimelipa shilingi 4,000 ili nisiwe na habari tena na kile kiroba, na sasa kilikuwa uani kwa mwanamke ambaye hata jina lake sikulijua, ingawa mwanangu alikuwa akinunua maandazi kwake tangu akiwa shule ya msingi. Yeye hakusema neno. Aliendelea kuchota maji kwa sufuria na kuyamwaga ng'ambo ya kizingiti.

Jumapili baada ya ibada kiongozi wa kikundi alikuja na mzee wa kanisa na wale vijana wawili. Nilikuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimempelekea yule mama chakula. Walimwamkia, naye alichukua muda kuitikia. Kiongozi hakutoa sababu za rimu wala za mvua. Alisema, “Mama, ni sisi tuliomwaga,” kisha akanyamaza, na mmoja wa wale vijana akaanza kulia. Jumatatu walimletea mfuko mpya wa unga, na Jumamosi iliyofuata walishuka korongoni watu 18 wakiwa na reki, masepeto na gambuti, wakafanya kazi tangu saa 1 asubuhi hadi adhuhuri. Hawakuishia kwenye taka walizozimwaga wao. Walitoa matairi, magodoro, chupa za miaka mingi na mzoga wa mbwa. Na mimi nilishuka. Baada ya tukio hilo waliweka kanuni mbili ambazo hadi leo sijaona zikivunjwa: guta likiharibika viroba vinarudi kwenye nyumba vilikotoka, hata kama mwenye nyumba atanuna, na kila safari mtu wa kizimbani anahesabu viroba vilivyofika na kusaini kwenye kitabu, na mteja yeyote ana haki ya kukiona kitabu hicho. Nimekiomba mara tatu bila taarifa. Mara zote kilikuwapo, na hesabu zilikuwa zimeandikwa.

Mtu asiyeifahamu Dodoma anaweza kudhani ninalikuza jambo dogo. Mji wetu hupata mvua kidogo, nyingi yake kati ya Desemba na Aprili, na kwa miezi mingine yote korongo ni njia kavu ya mchanga ambapo mbuzi hupita na watoto hucheza mpira. Ni rahisi kuliona kuwa mahali pasipo na mtu. Kisha mvua ya saa mbili hushuka juu ya ardhi ngumu isiyo na majani, na kila kilichotupwa tangu Mei husafirishwa kwa mkupuo mmoja kwenda kwa wanaoishi chini. Kondoa, kaskazini ya mkoa wetu, wanayajua makorongo kuliko sisi. Ardhi yao ilikuwa imemomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika ili nchi ipumzike. Nikisoma swali la yule mwanasheria aliyemwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani, siku hizi namfikiria mwanamke wa maandazi, kwa sababu maji ndiyo yaliyoniunganisha naye kabla mimi sijataka.

Siku ile ya korongoni ndiyo iliyonifanya niwaulize vijana hawa kuhusu afya yao, na hapa nina lawama kubwa kuliko ile ya Februari. Nilipokuwa nikichakura na reki nilikuta wembe na sindano mbili zenye ncha wazi. Nikauliza nani kati yao amechanjwa pepopunda. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Nikauliza kuhusu homa ya ini, wakacheka kwa aibu. Baadhi walivaa glovu za jikoni zilizotoboka vidole. Walikuwa wamefanya kazi ya taka kwa miezi minne bila kinga hizo, na usharika uliokuwa ukiwapongeza kila Jumapili haukuwa umefikiri kwamba kijana anayebeba uchafu wa watu 60 kwa ajili ya Mungu ana mwili. Kadhalika malipo: mwanzoni walipewa soda na nauli, kwa maelezo kwamba ni utumishi. Nilimwambia mzee wa kanisa, kwa adabu lakini bila kuficha, kwamba waraka wa Yakobo una maneno makali kuhusu ujira wa waliovuna mashamba ukizuiliwa, na kwamba mimi silipi ada yangu ili vijana watumike bure. Hakukasirika. Kuanzia Mei 2024 vijana wanaopita na guta wanalipwa posho ya siku kutokana na ada, wana glovu nene na gambuti, na wengi wao wamekwisha kuchanjwa. Ningependa kuona bima ya afya pia. Mpaka itakapopatikana sitaiita huduma hii kamili.

Kwa upande wa mboji na miti, wamefanya vizuri kuliko nilivyotazamia. Viroba vya vitu vinavyooza haviendi kizimbani. Hupelekwa nyuma ya uwanja wa kanisa, ambako huchanganywa na samadi kavu na majani, hunyunyiziwa maji machache na kufunikwa kwa magunia. Baada ya miezi mitatu hivi hutoka udongo mweusi, laini, usio na harufu mbaya, na kila mteja hupewa debe moja kwa mwaka bila malipo. Januari huleta pia miche ya mwarobaini. Mimi ni mwepesi wa kupanda na mvivu wa kumwagilia, kama watu wengi walioitikia wito wa kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na mche wangu wa kwanza ulikufa Agosti. Nilipopanda wa pili, kijana mmoja alinionyesha namna ya kutoboa tundu dogo kwenye kizibo cha chupa ya lita moja na nusu, kuijaza maji na kuizika kichwa chini karibu na shina, kisha kuzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Chupa moja inatosha siku mbili au tatu. Mche huo sasa umeshika na unastawi, na chupa iliyouokoa ilitoka kwenye kiroba changu mwenyewe.

Yapo mambo madogo ambayo mteja mpya ayajue. Juma la Pasaka na siku za kongamano la vijana guta halipiti, na taarifa hutolewa kuchelewa. Mwaka jana niliikuta kwenye simu baada ya kiroba kukaa nje siku nne. Pampasi wanachukua, ila zifungwe peke yake, na wengi hawazifungi. Wajane na wazee waliomo kwenye orodha ya mwenyekiti wa mtaa hawalipi, bila kujali wanaabudu wapi, jambo ninalolipenda sana. Mwanzoni walikuwa wakibandika kipeperushi cha mahubiri kwenye kila risiti. Jirani yangu Mwislamu, mama mtu mzima anayefagia hadi mbele ya nyumba isiyo yake, aliwaita akawaambia kwamba yeye amejiunga kwa sababu ya usafi, ambao dini yake pia inauhimiza, na kwamba asingependa kulipia mahubiri. Walimsikiliza, wakaacha. Naamini walifanya sawa. Barua ya Yeremia haikuwaagiza wale mateka kuutakia amani mtaa wa wenzao tu, na mwezi wa Ramadhani uliopita yule jirani ndiye aliyewatunzia guta uani kwake lilipoharibika tena breki.

Je, ninaipendekeza? Ndiyo, kwa nyumba yoyote iliyo katika eneo lao, na zaidi kwa wale ambao gari la taka haliwafikii. Anayetaka kuokoa pesa na hana taka nyingi bado atapata unafuu kwa kijana wa toroli, mradi amwulize anazipeleka wapi na kwenda siku moja kuhakikisha. Kwa usharika mwingine unaotaka kuanzisha huduma kama hii ninashauri waanze na kitabu cha hesabu, chanjo na posho kabla ya kununua fulana zenye maandishi, na wazungumze na mtendaji wa mtaa kabla ya kutangaza madhabahuni. Kujiunga ni kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa vijana wenyewe wanapopita; viroba hutolewa siku hiyo hiyo.

Nimekwisha kulipa hadi Juni. Kijana aliyeanza kazi mwezi Desemba amepata dozi ya kwanza tu ya chanjo ya homa ya ini, na ya pili imefika wakati wake. Nimemwambia Jumanne akimaliza zamu anigongee geti, twende wote zahanati.